Kutenga na Kugawa: Mali ya Mume na Mke Wanapoachana Katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili, mwalimu mmoja aliyekuwa akichunguza sheria za ndoa katika Afrika aliniuliza ni neno gani ambalo Waswahili hulitumia kwa mali ambayo si ya mume peke yake wala ya mke peke yake, bali ni ya wote wawili kwa sababu ya ndoa yao. Nilimjibu haraka kwamba ni "mali ya ndoa". Akaniuliza kama bibi yangu angelifahamu neno hilo. Hapo nilinyamaza. Bibi yangu angefahamu mali ya mume, mali ya mke, mali ya mayatima na mali ya wakfu. Lakini ndoa yenyewe kuwa na mali lingekuwa jambo geni kwake, kwani ndoa kwake ilikuwa ni makubaliano baina ya watu, na makubaliano hayamiliki shamba.

Makala haya yanajaribu kufuatilia historia ya swali hilo katika sehemu moja tu ya pwani yetu, yaani Malindi na Kilifi. Hoja yangu ni kwamba kwa muda mrefu mume na mke wa pwani hii walipoachana hawakugawana mali, walitenga mali. Kutenga ni kujua kitu ni cha nani. Kugawa ni kujua kitu kina thamani gani na kila mmoja ana fungu gani ndani yake. Mambo haya mawili huchanganywa mara nyingi, hata na wanasheria, na katika mchanganyiko huo ndipo wanawake wengi walipopoteza jasho lao bila ya mtu yeyote kuonekana kuwa amewadhulumu.

Pwani yenye mizani miwili

Malindi tunayoijua leo si ile iliyompokea Vasco da Gama mwaka 1498. Mji ule ulikufa, na ukafufuliwa mwaka 1861 katika enzi ya Sayyid Majid wa Unguja, ambapo walowezi kutoka Lamu, Unguja na Arabuni waliingia na kulima mashamba makubwa ya nafaka kwa nguvu za watumwa. Nyuma ya mji huo, na nyuma ya Mambrui, Takaungu na Kilifi, wanakaa Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda, ambao walikuwa na taratibu zao za ndoa kabla ya kadhi wa kwanza kukaa barazani.

Mwaka 1895 Waingereza walipatana na Sultani wa Unguja kuutawala ukanda wa maili kumi kwa niaba yake, na sharti mojawapo lilikuwa kwamba sheria ya Kiislamu na makadhi waendelee. Sharti hilo lilirudiwa mwaka 1963 katika mapatano ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte kabla ya ukanda huo kuingizwa katika Kenya huru, likawekwa katika Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967, na leo limo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010. Hivyo, ndani ya ukanda, Mwislamu aliyeachana na mwenzake alikwenda kwa kadhi. Nje ya ukanda, Mgiriama alikwenda kwa wazee wake, na baadaye kwenye korti za Waafrika zilizowekwa na serikali ya kikoloni.

Lakini watu hawakuishi kwa kufuata mstari wa ramani. Wagiriama walisilimu wakaitwa mahaji, walioa Malindi, waliozesha Mambrui, na wengine waliendelea kuhesabiana mali kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Nitarudi kwao, kwa sababu wao ndio wanaotuonyesha vizuri zaidi tofauti iliyopo.

Mahari na deni lake

Tuanze na mahari. Katika sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya mke mwenyewe. Si ya baba yake, si ya kaka yake, wala mume hana njia ya kuyarudia baada ya kuingia nyumbani, isipokuwa mke ndiye anayetaka kujivua katika ndoa, na hapo huweza kuyarudisha ili apate uhuru wake. Njia hiyo huitwa khului. Mume akitamka talaka, mke huondoka na mahari yake yote, hukaa eda akiwa katika masurufu ya mume, na aghalabu hustahili pia kupewa kile ambacho Waswahili hukiita kitoka nyumba, yaani kiliwazo cha kuachwa.

Haya ndiyo yanayofundishwa madrasani. Jambo lisilofundishwa sana ni kwamba sehemu kubwa ya mahari ya pwani haikutolewa siku ya ndoa. Ilitajwa mbele ya mashahidi, ikaandikwa, ikabaki kuwa deni. Mume wengi walikufa nalo, likalipwa kutoka katika urithi wao kabla ya warithi kugusa chochote. Wengine waliwaacha wake zao, na hapo ndipo deni lilipodaiwa.

Sasa fikiri, msomaji, juu ya thamani ya deni hilo. Zamani mahari yalitajwa kwa riale, kisha kwa rupia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 rupia iliondolewa, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi. Katika badiliko hilo angalau hesabu ilikuwa wazi: rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili. Hatari kubwa zaidi ilikuja baadaye, wakati jina la fedha lilipobaki lile lile na nguvu yake ikayeyuka. Mwaka 1970 dola moja ya Marekani ilinunuliwa kwa shilingi saba na senti kidogo za Kenya. Mwaka 1993 ilipita shilingi sitini. Mwanamke aliyeolewa Malindi mwaka 1970 kwa mahari ya shilingi elfu mbili, nusu ikiwa deni, na akaachwa mwaka 1993, alikuwa na haki ya shilingi elfu moja. Kadhi angemhukumia elfu moja, kwa kuwa deni hulipwa kwa idadi iliyotajwa. Hakuna aliyevunja sheria. Lakini kile kilichompa heshima siku ya arusi yake hakikumtosha tena kwa mahitaji ya miezi michache.

Wanawake wa pwani hawakungoja mtaalamu wa uchumi awaeleze jambo hili. Walianza kupendelea dhahabu na vyombo, vitolewe siku ile ile, viwe mkononi. Katika miji ya pwani mahari hutajwa sana siku hizi kwa kitanda, kabati, mkufu na bangili. Wapo wanaolalamika kwamba huu ni ufahari wa vijana. Mimi naona ni busara ya watu walioshuhudia deni la mama zao likiyeyuka.

Vyombo

Neno "vyombo" lina maana pana pwani. Ni sufuria na masinia, ni kitanda na makasha, na kinywani mwa wanawake ni dhahabu pia. Talaka inapotolewa, vyombo ndivyo vinavyozua ugomvi wa kwanza, kwa sababu vimo ndani ya nyumba moja na vimetumiwa na watu wawili kwa miaka mingi. Nani alinunua kitanda? Nani alileta kinu? Mbuzi ya kukunia nazi ilitoka kwa nani?

Madhehebu ya Kiislamu hayakubaliani katika jambo hili. Wanavyuoni wa Kihanafi waliona kwamba, ikiwa mume na mke wote wawili wako hai na hakuna ushahidi, kitu kinachowafaa wanawake ni cha mke kwa kiapo chake, na kinachowafaa wanaume ni cha mume. Kwa haraka mtu huona kuwa ni rai nzuri. Pwani yetu, hata hivyo, ni ya Kishafii, na Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, aliikataa rai hiyo. Kwa maoni yake, vyombo vilivyomo nyumbani vimo mikononi mwa wote wawili. Asiye na ushahidi huapa, mwenzake naye huapa, kisha hugawana nusu kwa nusu. Sababu yake ni nyepesi na yenye nguvu: mwanamume aweza kumiliki vitu vya kike kwa kununua au kurithi, na mwanamke vile vile aweza kumiliki vitu vya kiume. Alikumbusha kwamba Ali alimwoa Fatima kwa deraya ya chuma. Deraya ni silaha ya vita, hakuna kitu cha kiume kuliko hicho, lakini ilikuwa ni mahari, yaani mali ya mke.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ni mahali pekee katika taratibu za zamani za pwani ambapo mume na mke hugawana kwa hakika badala ya kutenga tu. Na tuangalie ni wakati gani hugawana: ni wakati ushahidi umekosekana. Nusu kwa nusu si malipo ya kazi, wala si tunzo ya ndoa. Ni njia ya kumaliza shaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamke wa Malindi anashona nguo kwa cherehani aliyonunuliwa na mumewe. Kwa fedha za ushonaji anawalisha watoto kwa miaka kumi, na mume, akiwa hana haja ya kununua chakula, anaweka akiba na kujenga nyumba Majengo. Wanaachana. Cherehani ni ya nani? Ikiwa mume alimpa, ni zawadi, ni yake mke. Ikiwa alimpa aitumie tu, ni ya mume. Hapo kadhi hutafuta maneno yaliyosemwa siku ile: alisema "chukua, hii yako", au alisema "shonea"? Kitenzi kimoja huamua. Na nyumba ya Majengo? Nyumba haikuingia hata katika swali, kwa maana fedha zilizoijenga zilitoka katika mfuko wa mume. Chakula alichokitoa mke kimekwisha liwa, na kilicholiwa hakina shahidi.

Isidhaniwe kwamba barazani kwa kadhi wanawake walikuwa wanyonge wasio na sauti. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch, aliyefanya uchunguzi katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980, alikuta kwamba wengi wa wadai walikuwa wanawake, na kwamba aghalabu walipata walichokidai. Walifika na hadithi ndefu, wakaeleza mateso yao neno kwa neno, jambo ambalo nje ya mahakama lingehesabiwa kuwa ni kufichua siri za nyumba. Sheria ya mwaka 1967 nayo iliagiza mashahidi wasikilizwe bila ya ubaguzi wa dini wala wa jinsi. Lakini walichokidai ni kile kilichokuwa na jina: masurufu, mahari, eda, vyombo. Mtu hawezi kudai kitu ambacho lugha ya mahali hapo haijakipa jina.

Hunda na minazi

Twende sasa bara kidogo, Kaloleni na Ganze. Kwa Wagiriama mali ya ndoa ni hunda, na hunda si mahari, ijapokuwa magazeti na hata baadhi ya vitabu vya shule huyatumia maneno haya kama kwamba ni pacha. Hunda humwendea baba wa mke na jamaa zake. Ilihesabiwa kwa mifugo, na kwa uchi wa mnazi, yaani tembo, ambao hupimwa kwa kadzama. Baadaye fedha zikaingia na kuchukua nafasi kubwa zaidi kila mwaka. Mara nyingi baba hakai nayo. Huitumia kumwozea mwanawe wa kiume, hivi kwamba ndoa moja husimama juu ya nyingine kama ngazi.

Ndoa ya Kigiriama inapovunjika, mali hurudi ilikotoka. Wazee hukaa, mashahidi wa arusi huitwa, na kila kilichotolewa huhesabiwa. Na kwa kuwa baba amekwisha itumia hunda hiyo, aghalabu mlipaji ni mume mpya anayemchukua mwanamke. Watoto waliozaliwa katika ndoa iliyolipiwa hubaki katika ukoo wa baba yao.

Sasa turudi kwa mahaji. Mtu aliyesilimu na kuoa kwa kadhi, huku akilipa hunda kwa wakwe zake, amejifunga kwa njia mbili ambazo hupingana siku ya kuachana. Kwa njia ya mahari, mali hutoka kwa mume kwenda kwa mke. Kwa njia ya hunda, mali hutoka kwa jamaa za mke kwenda kwa mume. Talaka ile ile humtajirisha mwanamke barazani na kuwafilisi ndugu zake kijijini. Haishangazi, basi, kwamba baba au kaka wengine walimshikilia binti yao avumilie ndoa yenye taabu: si ukatili mtupu, bali ni hesabu ya mifugo ambayo haikuwapo tena.

Na mke wa Kigiriama mwenyewe, aliondoka na nini? Vyombo vya jikoni alivyokuja navyo, nguo zake, na pengine kuku. Utajiri wa kudumu ulikuwa ni minazi. Katika pwani hii mti huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, kama vile katika miji ya Malindi na Mombasa mtu huweza kumiliki nyumba huku kiwanja ni cha mtu mwingine. Minazi ilihesabiwa mmoja mmoja, ikauzwa, ikawekwa rehani. David Parkin, aliyekaa na Wagiriama katika miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu minazi, tembo na mashahidi jinsi kila mauzo ya miti yalivyotegemea wazee walioshuhudia. Hiyo ilikuwa hati yao. Ila mashahidi hao walikuwa ni wanaume, na walishuhudia ununuzi. Hawakuitwa kushuhudia mwanamke akipalilia miche, akisuka makuti, au akibeba nazi kwenda sokoni. Miti iliyokomaa kwa kazi yake ilihesabiwa kuwa ni miti iliyonunuliwa na mumewe.

Utaona kwamba kadhi na wazee wa kaya, ambao walitofautiana karibu katika kila jambo, walikubaliana katika hili: wote walitenga kwa ushahidi wa kununua na kutoa, na wote hawakuwa na chungu cha kupimia kazi.

Neno "mchango"

Chungu hicho kililetwa na mahakama za serikali, na kilikuja kwa njia ya kuchekesha. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa ilitumika nchini, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuwa sheria ya jumla huko Uingereza kabla ya tarehe 12 Agosti 1897, siku ambayo sheria za namna hiyo zilipokelewa Kenya. Basi wake wa Kenya huru wakapata haki kwa sheria ya enzi ya Malkia Victoria. Sheria hiyo ilisema kidogo sana. Majaji ndio waliojaza. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani iliona kwamba kazi ya mke nyumbani huweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya kupatikana kwa mali. Katikati ya miaka ya 1990 mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba sheria ya 1882 inawahusu Waislamu sawa na wengine. Mwaka 2007 ikarudi nyuma, ikataka ushahidi wa mchango katika kuinunua mali yenyewe. Kule kuwa mke tu hakukutosha.

Bunge likaingia kati kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Humo mchango umefafanuliwa kuwa ni wa fedha na usio wa fedha: kazi za nyumbani na usimamizi wake, malezi ya watoto, usuhuba wa ndoa, usimamizi wa biashara au mali ya familia, na kazi ya shambani. Kwa mara ya kwanza kupalilia na kusuka makuti kukawa na mahali pa kuandikwa. Vyombo vya nyumbani navyo vimetajwa waziwazi kuwa ni mali ya ndoa. Lakini mali ya amana, pamoja na amana ya kimila, imeachwa nje, na mke wa Kigiriama aliyelima miaka ishirini katika ardhi ya ukoo anaweza kuukuta mlango huo umefungwa. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ikaongeza kwamba usawa uliotajwa katika kifungu cha 45 cha Katiba hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja: kila mmoja athibitishe mchango wake.

Kwa Waislamu, kifungu cha tatu cha sheria hiyo kinasema kwamba anayefuata dini ya Kiislamu aweza kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Kitenzi kilichotumiwa ni cha hiari, si cha lazima. Ni hiari ya nani, basi, ikiwa mume ataka kwa kadhi na mke ataka Mahakama Kuu? Kifungu hakijibu. Kwa mume ambaye mali imeandikwa kwa jina lake, kutenga kuna faida. Kwa mke ambaye ametoa kazi, kugawa kuna faida. Kila mmoja ataitafuta mizani inayomwelemea mwenzake, na neno moja la hiari ndilo linalowaachia waitafute.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na la kwangu ni dogo. Sheria hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, na mwanamke wa Mambrui au Ganze huzisikia kwa kinywa cha mkalimani. Mkalimani husema "mchango". Lakini kuchanga, katika Kiswahili cha watu, ni kutoa fungu lako katika jambo la mwenzako: tunachangia arusi, matanga, harambee. Anayechanga haidai sherehe kuwa ni yake. Mwanamke anapoulizwa, "Ulichanga nini katika nyumba hii?" huenda akajibu kwa unyoofu kabisa kwamba hakuchanga kitu, kwani alikuwa kwake. Nimependekeza kwa wanafunzi wangu tujaribu "jasho", kama vile "jasho lako li wapi katika mali hii?", na wamenijibu kwamba jasho halifai kwa malezi ya watoto. Usuhuba umekuwa mgumu zaidi. Mmoja wao, mwenyeji wa Malindi, alitaka tutumie "maliwazo", akakumbusha kwamba kitoka nyumba ni kiliwazo anachopewa aliyeachwa. Nikamwambia kwamba hayo ni mambo mawili, moja hutolewa na mke miaka yote ya ndoa, na jingine hupewa mara moja anapotoka mlangoni. Akajibu kwamba ndiyo sababu amelichagua. Neno hilo tumeliweka katika orodha yetu, pamoja na alama ya kuuliza.